Namna shule inavyoweza kutumia somo la uandishi kuwakinga wanafunzi na ndoa za utotoni

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu wa Tanzania Bara, hasa wanaofundisha Kiswahili kuanzia darasa la tano hadi kidato cha nne, pamoja na walimu wa ushauri na unasihi na wakuu wa shule. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24, wanawake 31 walikuwa wameolewa au kuishi kinyumba kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa darasa lenye wasichana arobaini, uwiano huo unakaribia wasichana kumi na wawili. Mwalimu anaposimama mbele ya darasa lake anapaswa kuwaona hao kumi na wawili, kwa sababu mara nyingi posa hupelekwa, mahari hupangwa na siku ya kuondoka hutajwa wakati binti bado anakuja shuleni kila asubuhi na bado anaandika katika daftari analolikabidhi kwa mwalimu wake.

Ninachokisisitiza katika mwongozo huu ni kwamba somo la uandishi, likifundishwa kwa makini na kusahihishwa kwa makini, humpa mtoto uwezo wa kueleza kinachomsibu kwa namna inayomlazimu mtu mzima kuchukua hatua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila mtu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inampa haki ya kutoa maoni yake, kusikilizwa na kushirikishwa katika uamuzi unaogusa ustawi wake. Haki hiyo haitumiki ipasavyo na mtoto asiyeweza kuunganisha sentensi tatu zikaeleweka.

Hatua ya kwanza: Andaeni wapokeaji kabla ya kuwaomba watoto waandike

Shule nyingi huanza na sanduku la maoni. Linatengenezwa, linatundikwa karibu na ofisi, na baada ya muhula mmoja funguo zake hazijulikani zilipo. Mtoto aliyeandika kikaratasi chake akakitumbukiza humo, kisha akakaa wiki tatu bila kusikia lolote, hataandika tena, na wenzake aliowasimulia hawataandika. Kwa hiyo anzeni na watu. Chagueni walimu wawili, mmoja wao akiwa mwanamke, ambao wanafunzi wenyewe wametaja kuwa wanawaamini. Njia rahisi ya kuwapata ni kumpa kila mwanafunzi kipande cha karatasi aandike jina la mwalimu mmoja ambaye angemweleza tatizo la nyumbani. Matokeo ya zoezi hilo yanaweza kumshangaza mkuu wa shule, lakini yaheshimiwe.

Walimu hao wajue mapema, kwa majina na namba za simu, nani ni afisa ustawi wa jamii wa eneo lao, nani anasimamia Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi kilicho karibu, na nani anaongoza Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto ya kijiji au kata. Wajue pia kwamba namba 116 ni huduma ya simu kwa mtoto, haina malipo, na inaweza kupigwa na mtoto mwenyewe au mtu mzima anayemjali. Orodha hiyo ibandikwe ndani ya mlango wa kabati la walimu, na namba 116 iandikwe mahali ambapo kila mwanafunzi anapita.

Hatua ya pili: Tengeni kipindi cha kuandika kisichochukuliwa na jambo lingine

Uwezo wa kuandika haukui kwa insha moja inayotolewa wiki ya mwisho kabla ya mtihani. Unahitaji kipindi kimoja kwa wiki, siku ileile, ambamo kila mwanafunzi anaandika kwa dakika ishirini bila kunakili ubaoni. Mwanafunzi aliyezoea kunakili huandika hati nzuri na sentensi zisizo na makosa, lakini siku anapotakiwa kueleza jambo lake mwenyewe hukwama kwenye mstari wa kwanza. Nimewaona wanafunzi wa kidato cha pili wakianza kila insha kwa maneno yaleyale waliyofundishwa darasa la sita, kisha wakasimama hapo, kalamu mkononi, kwa sababu maneno ya kukariri yamekwisha.

Katika wiki nne za mwanzo msisahihishe tahajia hata kidogo. Lengo la wiki hizo ni wingi wa maneno na kuondoa hofu. Kuanzia wiki ya tano, anzeni kuwafundisha kuandika rasimu, kuisoma upya kwa sauti ya chini, na kuandika nakala safi.

Hatua ya tatu: Wafundisheni kueleza tukio kwa ushahidi

Hapa ndipo somo la lugha na ulinzi wa mtoto vinapokutana, na hapa ndipo pa kutumia muda mwingi zaidi. Mtoto aliye katika shida huandika kwa jumla mno. Ataandika, "Nyumbani mambo si mazuri," au "Wananionea." Msomaji anahuzunika, lakini hana la kushika. Mfundisheni mwanafunzi kujibu maswali matano katika kila masimulizi: nani alikuwapo, ilikuwa siku gani, ilikuwa wapi, nani alisema nini kwa maneno yake mwenyewe, na baada ya hapo nini kilifanyika.

Zoezi lake ni jepesi. Waandikieni ubaoni sentensi moja butu, kwa mfano, "Juzi kulikuwa na ugomvi kisimani," kisha kila mwanafunzi aiandike upya kwa sentensi tano zinazojibu maswali hayo. Mwanafunzi mmoja ataandika: "Jumanne saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kisimani. Mama mmoja aliweka ndoo yake mbele ya ndoo yangu. Nilimwambia, 'Shikamoo mama, mimi nilitangulia.' Hakuitikia. Alimwaga maji yangu." Wasomeeni darasa matoleo yote mawili na muwaulize ni lipi ambalo mwenyekiti wa kijiji angeweza kulitolea uamuzi. Hawatakosea kujibu. Fanyeni zoezi hili kwa matukio ya kawaida ya kisimani, sokoni, uwanjani na njiani, kwa muhula mzima, bila kutaja ndoa. Siku mwanafunzi atakapohitaji kueleza jambo zito, mkono wake utakuwa umekwisha kuzoea.

Mafunzo hayahaya yanamsaidia katika mtihani, na jambo hilo si dogo hata kidogo. Binti anayefaulu kwenda kidato cha kwanza anabaki kwenye orodha ya wanafunzi, na kubaki kwenye orodha hiyo kunampa kinga ya kisheria nitakayoieleza mbele.

Hatua ya nne: Toeni mada zenye mlango, lakini msimsukume mtu aingie

Kamwe msitoe mada inayosema, "Eleza jinsi ulivyotaka kuozwa." Mada ya namna hiyo humvua mtoto nguo mbele ya wenzake. Toeni mada tatu kwa pamoja na kumwachia mwanafunzi achague: moja ya kawaida kabisa, moja ya kubuni yenye mhusika, na moja inayomruhusu kuzungumza juu ya maisha yake akitaka. Mada ya mhusika ndiyo inayofanya kazi kubwa. Mkisema, "Rafiki yako ameacha kuja shuleni tangu wiki iliyopita, mwandikie barua," mwanafunzi anaweza kuficha habari zake ndani ya habari za rafiki, na mwalimu msikivu atatambua pale ambapo rafiki huyo wa kubuni ana kaka wawili, anaishi karibu na mashine ya kusaga, na analala chumba kimoja na bibi, sawasawa na mwandishi wake.

Wavulana wapewe mada hizohizo. Kaka ndiye mara nyingi anayesikia mazungumzo ya wazee barazani, na kaka aliyeandika insha kuhusu dada anayetaka kuwa muuguzi amekwisha kulifikiria jambo hilo kabla ng'ombe hawajafikishwa zizini.

Hatua ya tano: Sahihisheni kwa kusoma

Nitaeleza kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilitoa insha yenye kichwa "Siku ambayo sitaisahau." Binti mmoja wa darasa la saba, mpole, mwenye hati ndogo iliyoinama kushoto, aliandika kwamba wageni walikuja nyumbani kwao, kuku alichinjwa, baba yake alicheka sana siku hiyo, na jioni mama yake alimwambia asifue tena sare kwa sababu hakuna haja. Nilipiga mstari mwekundu chini ya neno "sikuhiyo" kwa kuwa alikuwa ameliunganisha, nikaandika pembeni, "Vizuri. Zingatia alama za uandishi," nikampa alama kumi na mbili kati ya ishirini. Sentensi ya sare niliipita. Baada ya likizo hakurudi, na nilipolifungua tena lile daftari lililobaki kabatini ndipo niliposoma alichokuwa ameniambia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba kila insha isomwe mara mbili. Mara ya kwanza kalamu nyekundu iwe mezani, na mwalimu asome kama anayesoma barua aliyoandikiwa yeye. Mara ya pili ndipo asahihishe lugha, tena achague makosa mawili au matatu ya kufundishia badala ya kuujaza ukurasa wino. Pembeni aandike angalau sentensi moja inayojibu maudhui, kwa mfano, "Nimesoma kuhusu safari yenu ya hospitali, bibi anaendeleaje?" Mwanafunzi anayejibiwa namna hiyo hujua kwamba anasomwa. Najua madarasa yetu yana wanafunzi themanini, mia moja na zaidi, na mwalimu mmoja hawezi kusoma madaftari yote kwa usiku mmoja. Kusanyeni madaftari kumi na tano kwa siku kwa zamu, na wanafunzi wengine wasomeane rasimu wawili wawili kwa kutumia yale maswali matano.

Zipo dalili nne ambazo mwalimu anapaswa kuziona haraka. Ya kwanza ni habari za wageni, zawadi, nguo mpya au safari isiyoelezeka. Ya pili ni mwanafunzi kuacha ghafla kuandika juu ya mwaka ujao. Ya tatu ni mahudhurio yanayopungua siku zilezile za wiki. Ya nne, ambayo ndiyo inayoniumiza zaidi, ni kazi ya mwanafunzi hodari kushuka ghafla: majibu mepesi yaliyokosewa, insha iliyoachwa katikati, ukurasa mtupu. Wapo wazazi wanaomwamuru binti ajifelishe katika mtihani wa darasa la saba ili pasiwe na nafasi ya sekondari itakayozuia ndoa. Mwalimu akiona anguko la namna hiyo asikimbilie kuadhibu; amwite mtoto pembeni, amsalimie kwa upole, na amuulize anaendeleaje nyumbani.

Hatua ya sita: Lindeni maandishi ya watoto

Daftari la insha hubebwa nyumbani, na nyumbani husomwa na kaka, na baba, na yeyote mwenye kutaka. Maandishi yaliyokusudiwa kumwokoa mtoto yanaweza kumletea kipigo usiku uleule. Kwa sababu hiyo, madaftari ya kipindi cha kuandika yabaki shuleni, katika kabati lenye kufuli, na wanafunzi waelezwe sababu yake kwa maneno ya kawaida kwamba ni madaftari ya mazoezi. Insha yenye habari nzito isisomwe darasani, isijadiliwe katika chumba cha walimu, na isipigwe picha na kusambazwa kwenye kundi la simu hata kwa nia njema.

Mwalimu asiahidi siri ambayo hawezi kuitunza. Maneno yanayofaa ni kama haya: "Asante kwa kuniamini, mwanangu. Nitamweleza mwalimu mmoja na afisa ustawi ili tukusaidie, na sitamweleza mtu mwingine bila kukuambia kwanza." Asimhoji kama polisi, wala asimrudishe kusimulia mara tatu kwa watu watatu. Na kabla ya yote asimpigie mzazi simu, kwa kuwa mzazi huyo anaweza kuwa ndiye aliyepokea mahari, na simu hiyo inaweza kuharakisha safari ya binti ikawa kesho alfajiri.

Hatua ya saba: Wafundisheni barua rasmi inayomfikia mtu sahihi

Barua rasmi imo katika mtaala, lakini mara nyingi hufundishwa kwa kuomba kazi au kuomba ruhusa. Ongezeni barua ya kuomba msaada. Darasa zima liiandike kwa niaba ya mhusika wa kubuni, ili anayeihitaji ajifunze bila kuonekana. Baada ya anwani na tarehe, kiini chake kinaweza kuwa hivi:

"Yah: Kuomba msaada ili niendelee na masomo. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la saba, nina umri wa miaka 14. Jumamosi tarehe 5 Julai walikuja nyumbani kwetu wageni watatu. Walipoondoka, baba mkubwa aliniita akaniambia kwamba mahari imekubaliwa na kwamba nitaondoka nikimaliza mtihani. Sikuulizwa, na sitaki. Mtu wa nyumbani ninayeweza kuzungumza naye ni shangazi. Naomba mwalimu azungumze nami kwanza kabla ya kumpigia baba simu."

Waonyesheni wanafunzi kwamba barua hiyo ni fupi, haimtukani mtu, na kila sentensi inabeba jambo linaloweza kuthibitishwa. Waonyesheni pia sentensi fupi, "Sikuulizwa, na sitaki," inavyotosha bila kupambwa.

Hatua ya nane: Shule nayo iandike

Uandishi si kazi ya wanafunzi peke yao. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yamefanya kuwa kosa kwa mtu yeyote kumuoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Anayesaidia au kushawishi ndoa hiyo anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo cha miaka 5, au vyote viwili. Marekebisho hayohayo yanamtaka kila mkuu wa shule kutunza kumbukumbu za matukio ya ndoa na mimba na kuwasilisha taarifa ya kina kila baada ya miezi mitatu, pamoja na hatua za kisheria zilizochukuliwa.

Taarifa hiyo isiandikwe kwa mazoea. Sentensi kama "Mwanafunzi mmoja ni mtoro sugu" huficha ndoa kwa urahisi sana. Iandikwe tarehe ya mwisho aliyohudhuria, nani alikwenda nyumbani kwao na lini, alimkuta nani, aliambiwa nini, na jambo lilifikishwa kwa nani. Ni maswali yaleyale matano tuliyowafundisha watoto. Daftari la mahudhurio nalo lijazwe kila asubuhi kwa ukweli, kwa sababu mbele ya sheria ndilo mojawapo ya maandishi yanayothibitisha kwamba binti huyo ni mwanafunzi.

Walimu wafahamu pia msimamo wa mahakama. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika vifungu vya 13 na 17, iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alifungua kesi kupinga vifungu hivyo, na mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vinakwenda kinyume cha Katiba na kuagiza virekebishwe. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa ya serikali na kuuacha uamuzi huo usimame. Mwalimu akiambiwa na mzee kwamba "sheria inaruhusu," ana jibu.

Hatua ya tisa: Msiwaache watoto kati ya Septemba na Januari

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Katika miezi hiyo binti hana kipindi, hana mwalimu wa zamu, hana daftari la kuitwa jina, na wazazi wengi huhesabu kwamba amekwisha kumaliza shule. Kabla ya mtihani kila mhitimu aandike karatasi moja inayobaki shuleni: anaishi na nani, anatarajia kuwa wapi hadi Januari, na ndugu gani anayemwamini. Kisha pangeni siku moja kila baada ya wiki mbili ambayo wahitimu wanarudi shuleni kusoma vitabu, kuandika na kujiandaa kwa Kiingereza cha sekondari. Asiyeonekana mara mbili mfululizo afuatwe nyumbani wiki hiyohiyo.

Hatua ya kumi: Wazazi wasikie maandishi ya watoto wao

Katika kikao cha wazazi, punguzeni hotuba za wageni na muwape wanafunzi nafasi ya kusoma risala na mashairi waliyoyaandika wenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilionyesha nguvu ya njia hii mwaka 1996, pale Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao walipoanzisha mpango wa TUSEME, ambamo wasichana wa sekondari walichunguza matatizo yao na kuyaeleza kwa sanaa za maonyesho. Risala isimtaje mtu wala isiitukane mila. Ieleze tu, kwa mfano, msichana aliyesomeshwa anavyomsomea mama yake maelekezo ya dawa, na wazazi watajaza mengine wenyewe.

Hatua ya kumi na moja: Mpokeeni anayerudi

Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, ikiwemo ujauzito, kurudi katika mfumo rasmi wa elimu. Binti anayerudi kutoka katika ndoa iliyovunjwa au aliyejifungua asitakiwe kujieleza mbele ya gwaride, na asipewe insha ya "maisha yangu" wiki ya kwanza. Mkalisheni karibu na rafiki aliyeandika vizuri, mpeni daftari jipya kwa gharama ya shule, na mwalimu wa Kiswahili amwachie kwa wiki kadhaa aandike lolote analotaka, hata kama ni kunakili shairi. Siku atakapoandika sentensi yake ya kwanza kuhusu mwaka ujao, mwalimu aijibu pembeni kwa mkono wake.